Ujiji, Kwihara, Uvinza au rupia ya Mjerumani: pa kuanzia ukitaka kuyajua ya kale ya Kigoma na Tabora

Ukimuuliza mtu wa Kigoma au Tabora akiolojia inapatikana wapi, atakutajia Olduvai. Humlaumu. Shuleni tulifundishwa kwamba mambo ya kale ni fuvu la Zinjanthropus aliloligundua Mary Leakey mwaka 1959, ni nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6, na kwa upande wa pwani ni magofu ya Kilwa. Sisi wa magharibi tukabaki na reli, mawese na asali. Kwa hiyo mwenye hamu ya kuyaona ya kale kwa macho yake anangoja safari ya Arusha ambayo haifiki, au anaangukia kile kilicho karibu kila mtaa: stori za rupia ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya mwembe fulani, na jamaa fulani mwenye mashine ya kuitafuta.

Ulinganisho huu ni wa mtu huyo. Anaweza kuwa mwalimu mwenye fedha za kukodi basi mara moja tu kwa mwaka, mzazi anayetafuta pa kuwapeleka watoto Jumamosi, kijana anayefikiria kusomea akiolojia, au mkulima ambaye jembe lake limegonga kitu asichokielewa. Nimeweka sehemu tatu ubavu kwa ubavu: Ujiji, Kwihara na Uvinza. Habari ya rupia nimeipa nafasi yake pia, maana ukihesabu watu wanaojishughulisha na vya kale huku kwetu kwa jasho lao wenyewe, wachimba rupia hawakosi kuwa mbele.

Ninapima kwa swali moja. Ukitoka pale, umeonyeshwa ushahidi, au umesimuliwa tu? Kusimuliwa si kubaya, wazee wetu wamehifadhi mengi kwa mdomo. Ila akiolojia kazi yake ni kukuonyesha kitu, mahali kilipolala, na kukuacha ubishane nacho.

Ujiji: stori iko tayari, kazi yako ni kuihoji

Kwa anayeishi Kigoma mjini, Ujiji haihitaji mipango. Unapanda daladala, unashuka, unauliza kwa Livingstone, na mtoto yeyote atakuelekeza upande wa ziwani. Pale kuna mnara wa kumbukumbu, kuna miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wa awali, na kuna jumba la makumbusho lenye sanamu mbili za ukubwa wa mtu, mwandishi wa gazeti Stanley na mmisionari aliyekuwa akimtafuta, Livingstone, wakisalimiana.

Uzuri wa Ujiji ni kwamba hakuna anayetoka hajaelewa. Mtoto wa darasa la nne atarudi nyumbani na kisa kizima: mzungu aliyepotea, mzungu aliyemtafuta, mwembe. Ubaya wake ni huo huo. Kila kitu kimekamilishwa kabla hujafika, unabaki kusikiliza, kupiga picha na sanamu na kuondoka.

Lakini nenda na maswali uone. Anza na tarehe. Stanley aliandika kwamba alifika 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inauweka ujio huo siku za mwisho za Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku, kwa homa na kwa safari. Halafu ile salamu maarufu inayonukuliwa dunia nzima, "Daktari Livingstone, nadhani?": kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu siku ile zimechanwa, na zaidi tunaijua kwa alivyoisimulia mwenyewe baadaye, alipokuwa na magazeti ya kuuza. Waulize wanafunzi wa kidato cha tatu: sasa tunajuaje alitamka vile? Waache wabishane. Hapo nauli imeanza kurudi.

Swali la pili litembee kwa miguu. Ondoka mnarani, nenda hadi yalipo maji. Mbali kidogo, sivyo? Wasafiri wa karne ya 19 walilikuta ziwa liko juu kuliko leo. Maji yaliendelea kupanda hadi mwishoni mwa miaka ya 1870, yakapasua njia yao kupitia mto Lukuga upande wa Kongo, kisha yakashuka kwa miaka mingi. Maana yake, anayetafuta mitumbwi ilikofungwa na pembe zilikoshushwa zama za misafara hana haja ya kuanzia kwenye ufukwe wa leo, aanzie nyuma, nchi kavu, kwenye nyumba za watu. Jambo dogo kama hilo linamfundisha mtoto akiolojia kuliko kabati zima la vioo.

La tatu ni nani hayupo kwenye sanamu. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji akitokea Manyema, ng'ambo ya ziwa, alikoshuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe mnamo Julai 1871. Aliporudi alikuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Aliyekuja mbio kumwambia kuna Mwingereza anakuja alikuwa mtumishi wake, Susi. Huyo Susi pamoja na mtumishi mwenzake Chuma ndio waliouongoza msafara uliobeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, alipofariki Chitambo, katika Zambia ya leo, 1 Mei 1873. Wapagazi, wanawake waliopika njiani, watumwa waliofungwa minyororo pale pale Ujiji: ukumbi wowote wa kumbukumbu upime kwa nafasi unayowapa hao.

Ushauri wangu kwa Ujiji basi ni kwamba nusu ya muda uwe nje ya uzio. Pita mitaani. Tazama nyumba zenye baraza, misikiti, namna mji ulivyojipanga, sikiliza Kiswahili cha Wamanyema ambao babu zao walivuka ziwa hili. Kilichoifanya Ujiji kuwa mji ni njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo kwenye orodha yake ya awali ya kuombewa urithi wa dunia, vikatajwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Viwili kati ya sita viko kwetu, na kwa nauli ya daladala unakifikia kimoja. Watu wa Dodoma wanatuzidi nini?

Kwihara: nyumba ya kuulizia maswali

Kwihara iko kilomita chache nje ya Tabora mjini. Hapa usitegemee daladala ya kukushusha mlangoni. Chukua bodaboda au teksi na mkubaliane mapema kwamba anakungoja, la sivyo utarudi kwa mguu kama mpagazi. Piga simu au uliza mjini kwanza kama pamefunguliwa na kiingilio ni kiasi gani, maana bei hubadilika na mtu wa kufungua anaweza kuwa ana shughuli nyingine. Kwa upande wa urahisi, Ujiji inaishinda Kwihara bila ubishi.

Kwa upande wa ushahidi, mimi naipa Kwihara ushindi juu ya Ujiji, na sababu ni tembe lenyewe. Ni nyumba ya udongo, kuta nene, paa bapa, imejifunga kuuzunguka ua wa ndani. Lililopo leo limejengwa upya katika karne ya 20, kwa hiyo usibusu ukuta ukidhani Livingstone aliuegemea. Lakini umbo linakuruhusu kuuliza maswali ya maana. Kwa nini nyumba ya tajiri wa misafara iwape mgongo wapita njia? Marobota ya nguo, shanga na baruti yalikaa chumba gani ili yasilowe wala yasiibwe? Mvua za Unyamwezi zinaliachaje paa bapa? Ua unatosha watu wangapi kulala? Mwanafunzi anayatafutia majibu kwa kupima vyumba kwa hatua na kuchora ramani kwenye daftari, na kupima na kuchora ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya mwanaakiolojia, kuliko kuchimba.

Halafu kuna stori ambayo Ujiji haiwezi kuisimulia vizuri, nayo ni kwa nini kila mtu alikwama Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Stanley alifika hapa katikati ya mwaka 1871 akakuta vita. Mirambo wa Urambo alikuwa amefunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley akajiunga na Waarabu kumshambulia, wakapigwa, na ikambidi azunguke kusini ili afike ziwani. Yaani safari yake kwenda kumtafuta Livingstone ilichorwa na mtemi wa Kinyamwezi. Februari 1872 Stanley na Livingstone walifika Kwihara pamoja. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Miezi mitano na zaidi, mtu mwenye jina Ulaya nzima amekaa kwenye ua wa udongo akisubiri Wanyamwezi na Waswahili wa kumbebea mizigo. Bila mabega ya wapagazi hakuna msafara, na Unyanyembe ndiyo ilikuwa njia panda yao.

Ukiwa Tabora unaweza kuongeza siku. Mirambo alifariki Desemba 1884, na Urambo ipo, unafika kwa gari au kwa treni ya Kigoma. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipigana na Wajerumani hadi Januari 1893, ngome yake ilipoingiliwa akawasha baruti akajilipua kuliko kukamatwa. Hadithi ya Isike kila mtu wa Tabora anaijua kwa mdomo. Alama za ngome ardhini ni wachache wanaozijali, na hapo ndipo pengo lilipo kati ya kusimuliwa na kuonyeshwa.

Kinachoweza kupatikana kwenye vituo vya misafara tunaweza kukikisia kwa kutazama Pangani. Thomas Biginagwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba vituo vya njia ya misafara ya bonde la Pangani na kuichunguza hasa mifupa ya wanyama, ili ajue misafara na wenyeji walikula nini, na biashara ya pembe iliwabadilishaje. Mifupa ya jalalani! Hakuna mchimba rupia ambaye angeinama kuiokota. Sasa fikiria majalala ya Kwihara na ya Ujiji, miaka yote ile ya misafara, yamelala chini ya mihogo na vyoo vyetu.

Uvinza: akiolojia yenyewe, bila sanamu

Kati ya Tabora na Kigoma, treni inapita Uvinza. Abiria wengi wanaijua kwa chumvi, na chumvi hiyo ndiyo sababu ya kuitaja. Miaka ya 1960 John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, wakakuta matabaka ya watu waliochemsha maji hayo kupata chumvi tangu zama za mwanzo za chuma, mnamo karne ya 5 baada ya Kristo. Tafakari umri huo. Wakati chumvi inachemshwa Uvinza, Kilwa ya mawe ilikuwa bado karne nyingi mbele. Na karne ya 19 chumvi ya Uvinza ilikuwa ikiuzwa kuzunguka ziwa na kwenye njia za misafara, huku watemi wa Uvinza wakitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwenye kivuko cha Malagarasi, jambo lililomkera Stanley kwelikweli.

Kwa hiyo kwa umri na kwa uzito wa ushahidi, Uvinza inazishinda Ujiji na Kwihara mbali. Kwa mgeni wa kawaida inashika mkia. Hakuna mwembe wa kupigia picha. Chumvi bado inazalishwa, kwa hiyo si mahali pa kujiingilia, omba ruhusa ya wenye eneo na ya serikali ya kijiji. Wala utakachokiona hakitakupa mshangao kama hujasoma kabla: vigae, majivu, udongo ulioungua. Mtu asiyejua ataona takataka. Anayejua ataona watu wana kuni, wana vyungu, wana moto, wanangoja maji yakauke, kizazi baada ya kizazi.

Singempeleka mtoto wa darasa la nne. Ningempeleka yule kijana anayesema anataka kusomea akiolojia, nione kama macho yatamng'aa mbele ya kigae. Yakimng'aa, aendelee.

Rupia: yenye watu wengi na ushahidi kidogo

Kijana wa bodaboda aliyenipeleka Kwihara aliniuliza, kwa adabu kabisa: "Kaka, hivi wale watu wa chuo wanaochimba kwa vijiko na brashi, kiukweli huwa wanatafuta nini?" Nilimjibu kwamba wanatafuta vigae na mifupa. Akacheka. Hakuniamini, na sikumshangaa. Mtu akisafiri kutoka mbali, akapiga kambi wiki nzima, akachekecha udongo, akaondoka na mifuko iliyofungwa, wewe kama jirani unafikiri nini? Kama hawakukueleza, utajieleza mwenyewe, na maelezo yaliyo karibu ni dhahabu.

Na Tabora ina haki ya stori za dhahabu kuliko mji mwingine wowote nchini. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita na sarafu hazifiki kutoka Ulaya, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa mitambo ya karakana ya reli, Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Upande mmoja ina tai, upande mwingine tembo mwenye milima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Ni kitu kizuri cha kutazama. Jumla zilitoka 16,198. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora, na mambo yakaishia hapo.

Sasa piga hesabu ya kichwa. Sarafu elfu kumi na sita na ushee, kila moja gramu saba hivi, zilitengenezwa ili zilipe watu, zikasambaa mikononi mwa watu, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanauziana. Hazikutengenezwa zijaze pipa chini ya mwembe. Rupia za fedha na senti za kawaida za Mjerumani zilikuwa nyingi zaidi, na mkulima anaweza kuigonga moja kesho asubuhi. Lakini pipa?

Kuna kitu Wajerumani walikifukia Tabora kwa hakika: makaratasi. Nyaraka za serikali yao ya Dar es Salaam zilihamishiwa bara wakati wa vita, na kabla mji haujaangukia kwa Wabelgiji zilifukiwa Tabora. Waingereza walizifukua baadaye, na leo sehemu ya hazina hiyo inatunzwa kwenye Nyaraka za Taifa. Mtafiti anayetaka kujua kodi ya kibanda ilikusanywaje anaifungua mezani. Hivyo uvumi wa "Mjerumani alizika kitu" una mzizi wa kweli, ila waliousambaza walibadilisha karatasi ikawa dhahabu.

Nini kinamtokea anayefuata njia hii? Kwanza anatumia fedha. Mashine inakodiwa, "mtaalamu" analipwa, kafara inanunuliwa, mwenye shamba anaahidiwa mgawo, na mwishowe anatokea mtu mjini mwenye mteja wa kununua kile ambacho hakijapatikana. Pili, shimo linapasua kaburi la watu, msingi wa boma, au jalala la karne ya 19, na kila kisicho cha kung'aa kinatupwa pembeni. Ushanga mmoja ukiukuta kwenye tabaka lake, pamoja na majivu, kigae na mfupa wa mbuzi, unaweza kukuambia nani aliuza nini kwa nani na lini. Ukiutoa ukautia mfukoni ni ushanga tu, wa kumvisha mtoto.

Tatu, kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho 1979, inakataza kuchimba kutafuta malikale bila leseni, na inamtaka anayekuta kitu au jengo la kale atoe taarifa. Watu wengi hawajawahi kuisikia. Wengine wameisikia wakaiogopa, ndiyo maana anayekuta chungu kizima shambani anakivunja na kukifukia upya kuliko kumuita mtendaji na kuanza maswali.

Sina dharau kwa wachimba rupia, kwa kweli. Ukiwatazama, wana vyote ambavyo mwalimu wa historia anavililia: udadisi, subira, ujuzi wa ardhi, kumbukumbu za wazee wa kijiji. Wanajua boma la zamani lilikuwa wapi kuliko afisa yeyote. Waingereza waliwahi kuwa na tatizo la jinsi hiyo, maelfu ya watu wanazunguka mashambani na mashine za kutambua metali. Kwa sheria ya hazina ya mwaka 1996, aliyepata kitu ambacho makumbusho imekichukua huweza kulipwa thamani yake, na mwaka 1997 wakaanzisha mpango wa watu kupeleka kwa hiari walivyookota viandikwe: nini, wapi, lini. Vitu zaidi ya milioni moja vimeandikishwa. Sisemi tuige vile vile, kule mashine zenyewe zimezua migogoro yake. Nasema mtu wa kawaida anatoa taarifa akiona faida au heshima ndani yake. Mkulima wa Uyui akiona kwamba anachovuna kwa kutoa taarifa ni usumbufu, atanyamaza.

Umekikuta bila kukitafuta?

Hii haihitaji safari, na kwa wengi wetu ndiyo itakayotokea kwanza: unachimba msingi, choo au kisima, unakuta vigae vyenye nakshi, shanga, kiko cha udongo, mabonge mazito ya mabaki ya kuyeyushia chuma. Simamisha kazi pale. Piga picha kitu kikiwa bado kimelala, weka kando yake funguo au kiberiti ili ukubwa uonekane, piga nyingine ya mbali inayoonyesha nyumba au mti wa jirani. Andika kina: magotini, kiunoni? Usikisugue kwa maji na sabuni. Kisha mtendaji wa kijiji au mtaa, na kupitia kwake afisa utamaduni wa halmashauri. Ikiwa ni mifupa ya mtu, usiguse kabisa. Inaweza kuwa ya kale, inaweza kuwa ya juzi, na la kuamua hilo si lako.

Kuhusu video za mtandaoni sina mengi. Nyingi zinakuuzia miujiza na viumbe wa sayari nyingine. Zilizo nzuri zinakuonyesha Misri. Kwa hamu sawa, kwa kujua kilicho chini ya Uvinza hazikusaidii.

Sasa uchague

Familia yenye watoto wadogo, Kigoma: Ujiji, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mkitaka kuongeza, Gombe ina uhusiano na habari hii kuliko watu wanavyodhani. Louis Leakey, mtu wa mifupa ya kale, ndiye aliyemtuma Jane Goodall huko mwaka 1960, akiamini kwamba kuwatazama sokwe wa kando ya ziwa kutatusaidia kuelewa waliotutangulia. Mwaka huo huo Goodall akamwona sokwe akitengeneza kijiti cha kuvulia mchwa. Ila Gombe ni boti na kiingilio cha hifadhi, mfuko uwe umejiandaa.

Mwalimu wa sekondari, Tabora: Kwihara, na usiende na kidato kizima. Nenda na klabu ya historia, wanafunzi wa kutosha kuingia ndani ya ua mmoja, kila watu wanne na futi ya kamba. Wapime, wachore, ndipo mwongozaji aanze kusimulia, si kabla. Ukimwachia aanze, penseli zitalala.

Mwalimu wa sekondari, Kigoma, mwenye basi la mara moja kwa mwaka: hapa ndipo kuna ubishi. Wenzangu wengi watakuambia Ujiji, ni karibu na kila mtu anarudi kwa chakula cha mchana. Mimi nasema Ujiji ni karibu mno kuipotezea basi. Wapeleke kwa daladala Jumamosi yoyote kwa makundi, basi lipeleke Uvinza, baada ya kuandika barua ya ruhusa mapema na kuwafundisha darasani kwa vipindi viwili kigae ni nini. Ukiona huna vipindi hivyo viwili, acha Uvinza, rudi kwenye daladala.

Kijana wa chuo: vyote vitatu, kwa treni, na daftari. Wazee wa Uvinza, Urambo na Ujiji waamkie, kaa nao, uwaulize boma lilikuwa wapi na chumvi ilichemshwaje, uandike jina la kilima na la kijito kama wanavyolitamka wao.

Na wewe wa rupia, kama umesoma hadi hapa: uza mashine.